Viza huandaliwa Kigoma, kabla ya kufika Dar

Balozi nyingi ziko Dar es Salaam, na kwa reli ya kati kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Ndiyo maana wengi huku hudhani kazi ya viza inaanza siku wanaposhuka Dar. Sisi ambao kazi yetu ni kuandaa nyaraka za wasafiri mjini Kigoma tumejifunza kinyume chake: maombi mengi yanayokataliwa yameshaharibika kabla mwombaji hajapanda treni.

Afisa anayeamua ombi lako hakujui. Hajafika Mwanga wala Ujiji, na mara nyingi hatakutana nawe kabisa. Anachokiona ni bahasha yako. Kila karatasi iliyomo lazima ikubaliane na zenzake: jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, kazi moja, na fedha zinazofanana na kazi hiyo. Karatasi mbili zikipingana, usitegemee apige simu kuuliza ipi ni sahihi. Ataandika kuwa maelezo hayaaminiki, na ada haitarudi.

Anza na namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, kisha siku. Mwenye 19880714 amezaliwa tarehe 14 Julai 1988. Iweke kando ya cheti cha kuzaliwa usome polepole. Vijijini Kasulu, Buhigwe na Uvinza watu wengi walizaliwa nyumbani na tarehe zao zikaja kukadiriwa baadaye, mara nyingine zaidi ya mara moja: shuleni iliandikwa moja, NIDA nyingine, cheti nyingine. Kisha angalia majina herufi kwa herufi. Majina ya Kiha huteseka sana mikononi mwa waandishi. Bukuru wa cheti cha shule anakuwa Bukulu kwenye kitambulisho, na jina la babu lililopo kwenye hati moja halipo kwenye nyingine. Sisi huku tunajua ni mtu yuleyule. Mashine inayosoma pasipoti haijui, na shirika la ndege likiona jina la tiketi halilingani na pasipoti linaweza kukuzuia kupanda.

Marekebisho yana mpangilio wake. Kwanza cheti cha kuzaliwa, ambacho ni kazi ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na wilayani hupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Pili taarifa za NIDA. Pasipoti ndiyo ya mwisho. Ukianza na pasipoti ukasema mengine utayarekebisha baadaye, utalipia pasipoti mara mbili. Kiapo mbele ya wakili au hakimu kinatosha kueleza tofauti ndogo ya tahajia, lakini aliyebadili jina hasa anahitaji hati iliyosajiliwa ya kubadili jina. Tumeona watu wakibeba viapo vinne kueleza majina manne. Afisa akivikuta vyote kwenye bahasha moja anapata shaka zaidi kuliko kama visingekuwemo.

Pasipoti ya kielektroniki ilianza kutolewa Januari 2018. Ya kawaida ya mtu mzima hudumu miaka 10 na ada yake ni shilingi 150,000. Fomu hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unapata kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kisha unapeleka fomu na viambatisho ofisini: cheti chako cha kuzaliwa, cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, kitambulisho cha taifa na picha. Malipo ya serikali hupita kwenye kumbukumbu namba. Mtu anayekutaka utume kwenye namba yake binafsi ili "akusogezee faili" ni kishoka, hata kama amekaa mlangoni pa ofisi.

Kwa Kigoma kuna jambo ambalo wa mikoa ya kati hawalipati kwa uzito huu. Mkoa wetu unapakana na Burundi na unatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kwa miongo mingi umepokea wakimbizi. Maswali ya uraia ni mengi, na mwombaji anaweza kuulizwa walikozaliwa wazazi wake na hata babu zake. Usiende kubishana. Nenda na vyeti vya wazazi au viapo vyao, nakala za vitambulisho vyao kama wapo hai, cheti chako cha kumaliza shule ya msingi, na barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja kijiji, kitongoji na tangu lini familia inaishi hapo. Barua isemayo tu "namfahamu kuwa ni mkazi wangu" haina uzito wowote. Tenga muda wa kutosha kwa hatua hii, na usinunue tiketi ya ndege kabla pasipoti haijawa mkononi.

Ukishaipata, tazama muda wake kila unapopanga safari. Nchi nyingi hutaka ibaki na miezi 6 au zaidi. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, hutaka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu.

Safari za jirani ni nyepesi, ingawa nazo zina mitego. Mtanzania haombi viza kwenda Kenya, Uganda, Rwanda wala Burundi, na kibali cha mtandaoni ambacho Kenya ilianzisha Januari 2024 hakiwahusu raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia, Malawi na Msumbiji nazo hazihitaji viza kwa matembezi, na Afrika Kusini inampa Mtanzania siku 90 kwa mwaka. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, ila usidhani kila kitu kilibadilika siku hiyo. Ubalozi mdogo wa Kongo upo hapa hapa Kigoma, na wa Burundi pia. Pita uulize masharti ya wiki hiyo kabla ya kwenda Kalemie au Uvira.

Mtego mkubwa wa jirani ni muhuri. Anayevuka Manyovu kwenda Mugina, au anayepanda boti Kibirizi kuelekea Burundi, anapaswa kugongewa wa kutoka upande huu na wa kuingia upande ule, na hivyo hivyo wakati wa kurudi. Wafanyabiashara wengi huruka hatua moja kwa sababu boti inaondoka au foleni ni ndefu. Pasipoti ikija kusomwa na ubalozi wa Ulaya, inaonekana uliingia Burundi na hukutoka. Kurasa hizo ndizo ushahidi pekee kwamba wewe ni mtu wa kwenda na kurudi, kwa hiyo zitunze. Na anayetaka Kigali asipange kupitia Bujumbura kwa mazoea ya zamani. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Njia ya kuaminika kwetu ni Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Ngara, kisha Rusumo.

Sasa Ulaya, ambako maombi mengi huanguka. Viza moja ya Schengen inafungua nchi 29, lakini huombi kwa nchi yoyote unayotaka. Unaomba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Anayekwenda Italia siku 8 na Ufaransa siku 3 ni mteja wa Italia, hata kama rafiki amemwambia Wafaransa ni wepesi. Ratiba ikionyesha vinginevyo ombi linaonekana la hila tangu ukurasa wa kwanza. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na chini ya hapo ni bure. Dirisha la kuomba hufunguka miezi 6 kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, na unaweza kufika siku 45. Kwa mtu wa Kigoma tunashauri bahasha ifike Dar wiki 8 hadi 10 kabla ya kuruka.

Bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000 za matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani mgonjwa au maiti, kwa siku zote na kwa nchi zote za Schengen. Soma cheti chenyewe. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni bima kuishia siku moja kabla ya kurudi kwa sababu ndege ya kurudi inaondoka usiku wa manane.

Siku 90 ndani ya siku 180 zinawachanganya wengi. Hazihesabiwi kwa kalenda ya Januari hadi Juni. Simama siku yoyote uliyo Ulaya, rudi nyuma siku 180, uhesabu siku ulizokuwa huko. Jumla isizidi 90, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu 12 Oktoba 2025 Schengen ilianza mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka kwa picha ya uso na alama za vidole. Aliyepitiliza zamani aliweza kutegemea muhuri uliofifia. Kwenye kompyuta tarehe haififii.

Fedha ndizo zinazotuumiza zaidi watu wa ziwani. Mfanyabiashara wa dagaa wa Katonga au Kibirizi anaweza kuwa na mtaji mkubwa kuliko mwajiriwa wa ofisini, ila fedha yake haijawahi kulala benki. Imetoka mkononi kwenda kwa mvuvi, ikawa dagaa, ikapanda lori, ikarudi kwa simu, ikatolewa kwa wakala jioni hiyo hiyo. Kisha ubalozi unataka taarifa ya benki ya miezi 3 hadi 6. Hapo ndipo watu huazima. Taarifa inaonyesha salio la shilingi 340,000 miezi mitano mfululizo, halafu tarehe 3 zinaingia milioni 18 kwa mkupuo mmoja, na karatasi imechapishwa tarehe 9. Hakuna afisa asiyeujua mchezo huo. Ni afadhali uonyeshe milioni 4 zilizojikusanya kwa miezi kuliko milioni 18 za wiki moja.

Dawa yake inataka subira. Miezi 6 kabla ya kuomba, anza kupitisha mauzo benki, hata yale ya laki mbili tatu. Lipa leseni ya biashara na kodi kwa jina lilelile la pasipoti. Chukua pia taarifa ya miamala ya simu kutoka kwa mtandao wako, kwa sababu inaonyesha mzunguko ambao benki haiujui. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja kueleza biashara inavyokwenda. Afisa hajui kuwa wavuvi wetu wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, kwa hiyo fedha huingia kwa mawimbi. Hajui pia kuwa mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Taarifa yenye miezi mitatu mikavu bila maelezo inasomeka kama biashara iliyokufa. Yenye sentensi mbili za kueleza kufungwa kwa ziwa inasomeka kama biashara halisi ya mahali halisi.

Kiasi kinachohitajika hutegemea nchi. Ufaransa, kwa mfano, hupima kwa euro 65 kwa siku kwa mwenye hoteli iliyolipwa, na 120 kwa asiye nayo. Mwajiriwa anahitaji barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara, tarehe ya kuajiriwa, na ruhusa ya likizo yenye tarehe ya kurudi kazini. Hiyo tarehe ya kurudi husahaulika sana, nayo ndiyo afisa anaitafuta. Hati ya nyumba, shamba la michikichi, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vinasaidia kuonyesha una kinachokurudisha, mradi visizidi. Bahasha nene isiyo na mpangilio inamchosha msomaji.

Barua za mtendaji na vyeti vingi vya kwetu viko kwa Kiswahili. Uingereza hutaka tafsiri kamili, mtafsiri akithibitisha kuwa ni sahihi, pamoja na tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano yake. Tafsiri isiyo na hayo huhesabiwa kama haipo. Maombi yao hujazwa mtandaoni, mapema zaidi miezi 3 kabla ya safari, na uamuzi wa kawaida ni wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Ole wake anayepeleka karatasi ya kughushi: udanganyifu unaweza kukufungia mlango wa Uingereza kwa miaka 10. Kishoka aliyekuchapishia taarifa ya benki haathiriki kwa lolote.

Picha nayo ina yake. Studio nyingi hapa mjini zimezoea mandhari ya bluu na saizi moja kwa kila mteja. Schengen hutaka milimita 35 kwa 45, mandhari ya rangi hafifu. Marekani hutaka inchi 2 kwa 2, mandhari meupe, bila miwani. Mwambie mpiga picha ni ya nchi gani kabla hajawasha taa.

Kuhusu Marekani, mwenye mpango wa matembezi asome hali ilivyo kabla ya kulipa dola 185 za maombi. Oktoba 2025 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi ambazo waombaji wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000, na kuanzia 1 Januari 2026 tangazo la rais wa nchi hiyo likasimamisha viza za matembezi kwa Watanzania, isipokuwa kwa makundi machache. Yeyote anayekuahidi "njia ya ndani" ya kupata viza hiyo anataka fedha zako.

Dubai inaonekana rahisi kwa sababu viza hupatikana kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, ya siku 30 au 60. Urahisi huo ndio unaotumiwa kuwapeleka dada zetu kazini kwa viza ya matembezi. Viza hiyo hairuhusu kazi. Muda ukiisha faini ni dirhamu 50 kila siku, na mwenye deni hilo hana nguvu ya kumkatalia mwajiri chochote. Mzazi anayeletewa habari kwamba binti "ataanza na ya utalii, ya kazi itafuata" aombe mkataba wa kazi kwanza, akausome mwenyewe, na asiruhusu mtu mwingine ashike pasipoti ya mwanawe.

Njia utakayopita nayo ina masharti yake. Mtanzania anayebadili ndege London, hata bila kutoka uwanjani, kwa kawaida anahitaji viza ya kupita. Tiketi ya bei nafuu yenye kituo London inaweza kuishia kaunta ya Dar. Ukinunua tiketi mbili tofauti badala ya moja, mzigo kwa kawaida hauvuki wenyewe. Utalazimika kuingia nchi ya katikati kuuchukua, na kwa hilo unaweza kuhitaji viza ya kuingia.

Chanjo ya homa ya manjano ipate mapema. Cheti chake kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 kinatambuliwa maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Kongo humtaka kila anayeingia awe nacho, na anayerudi Kigoma akitoka huko ataulizwa vilevile bandarini. Nchi nyingi huangalia pia ulikopita. Aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo anaweza kuhesabiwa kama ametoka huko. Namba ya pasipoti na jina kwenye kadi viandikwe bila kufutwa-futwa, na kadi isiwekwe laminesheni, maana muhuri wake lazima uweze kukaguliwa.

Mtoto anaposafiri na mzazi mmoja, bebeni cheti chake cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, yenye nakala ya kitambulisho chake na muhuri wa wakili. Kama mzazi huyo amefariki, cheti cha kifo.

Stika ya viza ikishabandikwa, isome kabla hujaondoka kwenye dirisha: jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya siku, na kama ni ya kuingia mara moja au nyingi. Kosa la herufi hurekebishwa siku hiyo; ukishafika Kigoma ni nauli nyingine. Siku ya safari weka nyaraka kwenye mkoba wa mkononi: hoteli, bima, tiketi ya kurudi, namba ya mwenyeji. Viza inakufikisha mlangoni, na afisa wa mpaka ana haki ya kukuuliza tena yote. Jibu kilichoandikwa kwenye fomu yako. Unayebeba dola 10,000 au zaidi uzitangaze forodhani Tanzania, na uulize kiwango cha huko unakokwenda.

Ukikataliwa, usikimbilie kuomba tena wiki hiyo na bahasha ileile. Schengen hutoa fomu yenye visanduku vya sababu, na ina haki ya rufaa yenye muda maalumu. Kisanduku cha madhumuni ya safari kutothibitishwa kinamaanisha ratiba na hoteli havikueleweka. Cha fedha kinarudi kwenye taarifa ya benki. Cha shaka ya kurejea nyumbani kinahusu kazi, familia na mihuri ya safari zilizopita. Huyu tunamshauri asafiri kwanza Nairobi, Lusaka au Johannesburg, arudi kwa wakati, apitishe mauzo benki miezi 6, ndipo aombe upya na kutaja wazi kwenye fomu kwamba aliwahi kukataliwa. Alama zake za vidole hubaki kwenye mfumo wa Schengen miaka 5, na kukataliwa kwake pia kumo humo.